Mbwa anakojolea vitu ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbukwenyi, kama Wagogo wanavyosalimia! Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wamekuja na makochi yao, majokofu yao na mbwa wao. Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga mbwa hapa miaka mingi, kwanza Nkuhungu na sasa Ilazo, na kwa sababu hiyo majirani wamezoea kunipigia simu. Malalamiko ni yaleyale: kochi, pazia, mguu wa meza. Nimechoka kurudia, kwa hiyo nimeyaandika majibu mahali pamoja. Mbwa nitakayemtaja mara kwa mara ni dume langu, Tarimbo, chotara wa kienyeji na kitu ambacho hatujawahi kukijua.

Nitajuaje kama anaweka alama, yaani anaacha harufu yake kwenye vitu, au amebanwa tu?

Tazama mahali na kiasi. Anayeweka alama hutoa matone, au kamkondo kafupi, na hulenga kitu kilichosimama: mguu wa meza, pembe ya kochi, ncha ya pazia, mtungi wa gesi, ndoo. Kabla ya hapo hunusa kwa utulivu, kama mzee anayesoma tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, kisha huinua mguu. Mara nyingi alikuwa nje dakika tano tu zilizopita na alikojoa vizuri huko.

Dimbwi kubwa katikati ya sakafu ni jambo jingine: huyo alibanwa na hakuna aliyemfungulia mlango. Kama ni mtoto wa miezi mitatu, bado hajafundishwa. Ukikuta godoro lake limelowa pale alipolala, anavuja bila kujua, na hilo ni la daktari. Yupo pia yule anayejikunyata na kuchuruzika unapomwinamia au unapoingia na sauti kubwa. Huyo anakuogopa, au anakuonyesha kwamba wewe ndiye mkubwa. Ukimfokea utamzidishia. Mpite kama humwoni, kaa, mwache aje mwenyewe.

Majibu mengi yanayofuata ni ya yule wa kwanza.

Ananilipizia kisasi? Nilimfungia siku nzima, niliporudi akakojolea kiatu changu mbele ya macho yangu.

Hapana. Naelewa inavyouma, hasa kiatu kikiwa cha kazini, lakini mbwa hana hesabu ya namna hiyo. Mkojo kwake ni taarifa. Mbwa mwingine akiunusa anajua kama aliyepita ni dume au jike, kama jike huyo yuko kwenye joto (anataka dume), na kama ni mgeni au mwenyeji. Kiatu chako kimetembea Majengo sokoni, kimekanyaga alama za mbwa kumi, kisha umekivua sebuleni kwake. Anajibu.

Nilielewa hili kwa gunia la alizeti. Kaka yangu alilileta kutoka Kongwa, akalitua barazani, tukaingia kunywa chai. Tarimbo alilizunguka mara mbili. Alisimama kwenye kona moja ya chini, pale sandarusi ilipokuwa na doa la kahawia nisilolitilia maanani, akanusa hadi nikasikia pua yake inavyopuliza. Matone matatu, juu kabisa ya lile doa. Nilipomuuliza kaka, kumbe gunia lilikaa wiki nzima kwenye ghala lake, na pale kuna mbwa watatu. Tarimbo alikuwa amepokea salamu za Kongwa na kuzijibu.

Pamoja na harufu ngeni, kuna wasiwasi. Nyumba mpya, mgeni wa wiki mbili, mafundi wanaogonga, mbwa wanaozurura nje ya geti usiku, jike la jirani kwenye joto: yote hayo humfanya mbwa atake kuzungukwa na harufu yake mwenyewe.

Dar hakuwahi kufanya hivi. Tumehamia Kisasa, wiki ya kwanza tu ameanza. Kwa nini?

Uliza mpangaji aliyetangulia kama alikuwa na mbwa. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na nyumba ilipigwa deki tu kabla yenu kuingia. Wewe husikii harufu yoyote. Yeye anasoma habari za mwenzake kwenye kila kona.

Hapa kuna kifaa ambacho wengi wanacho bila kujua matumizi yake ya pili: ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Subiri usiku, zima taa zote, mulika chini ya kuta, kwenye miguu ya makabati na milango. Mkojo wa zamani hung'aa rangi ya njano au kijani hafifu. Sabuni na vumbi la vitambaa navyo hung'aa, kwa hiyo usishtuke ukiona nyumba nzima inawaka. Tafuta michirizi inayoshuka kutoka urefu wa goti. Weka alama kwa chaki, asubuhi usafishe hapo. Ukiweza kuifanya kazi hii kabla ya kuingiza samani, utajipunguzia miezi ya mateso.

Baada ya hapo, usimpe nyumba yote kwa mpigo. Chumba kimoja kwanza, chenye kitanda chake kilekile cha Dar, ambacho usikifue. Vyumba vingine vifunguliwe kimoja kimoja, ukiwa naye.

Lazima nianzie kwa daktari?

Kama ameanza ghafla na ana zaidi ya miaka miwili, ndiyo. Kama anakojoa mara kwa mara kidogo kidogo, anajikamua, analia, anajilamba sana, mkojo una damu au unanuka kuliko kawaida, ndiyo pia: inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo au mawe kwenye kibofu. Akinywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, daktari atafikiria figo na kisukari. Jike ambaye hajatolewa kizazi, aliyetoka kwenye joto majuma machache yaliyopita, na sasa anakunywa sana, hali, na pengine anatoa uchafu ukeni, apelekwe leo. Huenda kizazi kina usaha, na hilo huua.

Na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kwa mbwa mwenye homa, mnyonge, mwenye fizi zilizopauka, usifikirie kabisa habari za alama. Kwetu kupe ni wengi na ugonjwa wanaoleta huvunja chembe nyekundu za damu. Kimbia.

Daktari atataka mkojo. Usihangaike na kikombe: funga upawa safi kwenye fimbo, mtoe asubuhi kwa kamba, na akiinua mguu sogeza upawa chini taratibu kutoka nyuma. Vijiko viwili vinatosha. Mimina kwenye kichupa safi, funika, upeleke asubuhi ileile. Jirani zako watakuona chizi. Ndivyo ilivyo.

Kumhasi kutamaliza tatizo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu hawapendi jibu langu, kwa sababu jibu lina "lakini".

Kuweka alama kunasukumwa kwa kiasi kikubwa na homoni za kiume. Dume huanza anapobalehe, kati ya miezi 6 na 12 hivi. Akihasiwa, wengi hupunguza sana, wachache huacha kabisa, na wapo ambao hutaona tofauti. Anayehasiwa mapema, kabla tabia haijawa mazoea, ana nafasi nzuri zaidi. Dume wa miaka sita aliyeinua mguu kila siku kwa miaka mitano amekwisha jifunza. Homoni zikiondoka, mazoea yanabaki, na hapo mafunzo ndiyo yatakayofanya kazi. Wala usitegemee mabadiliko kesho yake. Toa wiki kadhaa, hata miezi. Katika wiki hizo za mwanzo bado anaweza kumpa mimba jike, kwa hiyo geti lifungwe.

Umri gani? Wengi huambiwa kuanzia miezi sita. Kwa mbwa wa miili mikubwa madaktari wengi hupendelea kusubiri hadi wamalize kukua. Mwachie daktari aamue akimwona.

Sasa naomba tuelewane kuhusu nani anafanya kazi hiyo. Mbwa wangu wa kwanza, enzi za Nkuhungu, nilimpa kijana mmoja aliyekuwa akipita mitaani akihasi nguruwe na mbuzi. Alikuja na wembe, kamba na chupa ya spiriti. Bila ganzi. Sitaki kuandika nilichokisikia siku ile. Kidonda kilioza, mbwa alipona baada ya mwezi mzima wa sindano, na hadi anakufa hakuwahi kumruhusu mwanamume yeyote amshike nyuma. Na alama hakuacha. Nadhani woga ulimwongezea. Kosa lilikuwa langu, nilitaka cha bei rahisi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mateso ya namna hiyo hayana kisingizio. Tafuta daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, atakayempa nusukaputi na dawa ya maumivu, na uulize waziwazi kama vyote viwili vimo kwenye gharama. Baada ya upasuaji usimruhusu kulamba mshono, na mwache atulie siku 10 hadi 14.

Majike nao huweka alama?

Huweka, ingawa ni wachache. Hasa wakikaribia joto na wakiwa ndani ya joto. Wengine huinua mguu kama madume, usishangae.

Nisafishe na nini? Nimemwaga Jik, nimemwaga Dettol, na anarudi palepale.

Bila shaka anarudi. Umeifunika harufu kwa pua yako, kwa pua yake bado ipo, na juu yake umeweka kali nyingine anayotaka kuifunika.

Nianze na onyo, maana nililipata kwa vitendo. Mkojo una amonia, na dawa ya klorini kama Jik ikikutana nayo hutoa hewa inayochoma mapafu. Nilimwaga Jik nyingi, bila maji, kwenye kona ya stoo iliyokojolewa majuma mawili, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la Agosti. Nilitoka nikitambaa, machozi na makamasi yananitoka, na kikohozi nilikaa nacho siku tatu. Usichanganye klorini na mkojo, na usiichanganye kamwe na siki.

Kinachofanya kazi ni vimeng'enya, yaani dawa inayomeng'enya zile chumvi za mkojo ambazo sabuni haiziondoi. Zipo dawa maalumu za mikojo ya wanyama kwenye baadhi ya maduka ya dawa za mifugo na supamaketi, si kila siku. Ukizikosa, soma pakiti za sabuni ya unga: zipo zilizoandikwa kwamba zina vimeng'enya. Koroga kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, maana moto huua vimeng'enya. Kwanza kausha mkojo kwa kitambaa kwa kukandamiza, usisugue. Mwagia mchanganyiko wako, ueneze zaidi ya doa lenyewe, funika kwa kitambaa kilicholowa ili pasikauke haraka, acha dakika 15 au zaidi kabla ya kufuta. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanamwaga na kufuta papo hapo. Rudia kesho.

Siki nyeupe, nusu siki nusu maji, husaidia kupunguza harufu kwenye vigae na plastiki. Kwenye terazo usiiguse, italiparua.

Sakafu ya saruji ni shughuli nyingine kabisa, na nyumba nyingi za kupanga hapa zina saruji. Saruji inanyonya. Unasafisha Septemba, unajisifu, halafu mvua ya kwanza ya Desemba inashuka, hewa inapata unyevu na harufu inaamka kana kwamba amekojoa jana. Fanya mizunguko mitatu au minne ya vimeng'enya, acha ikauke kabisa katikati ya kila mzunguko, jua la hapa litakusaidia. Ikishindikana na mwenye nyumba akikubali, ikishakauka ipake rangi ya sakafu. Kupaka rangi juu ya mkojo usiosafishwa ni kuufungia ndani.

Zulia na mito ya makochi itoe nje baada ya kusafisha, si kabla. Usivipige pasi wala mvuke, joto hukaza harufu.

Maji yenyewe ni ya mgao. Nitayapata wapi ya kusuuza mara nne?

Huyahitaji mengi. Lita mbili kwa doa zinatosha ukitumia vitambaa badala ya ndoo: kimoja cha kunyonya, kimoja cha dawa, kimoja cha kusuuza. Maji ya kufulia ya mwisho, yaliyo karibu safi, yanafaa kwa kusuuza saruji. Kumwaga ndoo nzima kunasambaza mkojo chini ya ukuta.

Siku ya kwanza ya mafunzo nifanye nini hasa?

Mwondolee nafasi ya kukosea. Mafunzo yote yamesimama hapo. Kila tone analofanikiwa kuweka ndani ni somo amejifundisha mwenyewe.

Akiwa ndani, uko naye. Sisi tulimfunga Tarimbo kamba ya mita mbili, ncha nyingine kwenye mkanda wa mke wangu wakati anapika, kwangu wakati nasoma. Ukimwona ananusa kona kwa utulivu ule niliousema, piga makofi mara moja, sema "Tarimbo, nje!" kwa sauti ya kawaida, mtoe. Akikojoa nje, hapohapo, kabla hajageuka, mpe zawadi. Dagaa mmoja asiye na chumvi, au kipande cha firigisi iliyochemshwa, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Usingoje mrudi ndani ndipo umpe, atadhani amelipwa kwa kurudi.

Ukishindwa kumwangalia, awe bandani, uani, au kwenye chumba chake chenye kitanda. Mtoe asubuhi, baada ya kula, baada ya kuamka mchana, jioni, na kabla ya kulala. Anayeweka alama apewe pia nafasi ya kunusa. Mtembeze kabla jua halijakaza, aandike habari zake kwenye nguzo na vichaka vya Ilazo, arudi akiwa amemaliza maneno.

Pale alipozoea kukojolea, ukishasafisha, weka bakuli lake la chakula. Mbwa wengi hawapendi kuchafua mahali wanapokula. Tarimbo alikuwa na ugomvi na mlango wa stoo. Amekula mlangoni pale miezi miwili na ugomvi ukaisha. Na kama anawaona mbwa wa nje kupitia uwazi wa geti akawa anakuja kutia alama sebuleni kwa hasira, ziba uwazi huo. Bati au mkeka wa makuti unatosha.

Begi la mgeni liwekwe juu ya kiti. Viatu viwe kabatini. Mizigo kutoka kwa mwenye mbwa isikae sakafuni hata dakika moja.

Bibi yangu anasema nimsugue pua kwenye mkojo na kumchapa. Ndivyo walivyofanya zamani.

Bibi aheshimiwe, ila kwa hili hapana. Ukimkuta baada ya dakika kumi, hahusishi kipigo na kukojoa. Anakihusisha na wewe. Atajifunza kukojoa nyuma ya kochi, usipomwona, na hapo umejipatia tatizo lisiloonekana. Bibi pengine alikuwa na mbwa asiyeingia ndani hata siku moja, na kwa mbwa huyo njia yoyote ingeonekana kufaa.

Pilipili, oili chafu, naftalini kwenye kona?

Pilipili humwasha macho na pua, kisha huhamia kona ya pili. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa ni sumu. Mbwa hukanyaga, hulamba miguu, huugua. Vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya kabatini, vikimezwa humharibu damu na ini. Usithubutu. Kwa kuwa nimefika hapo: wala usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala paracetamol kwa kudhani anaumwa kibofu. Dawa zetu hizi huwaua mbwa.

Nimnyime maji jioni ili asikojoe?

Usimnyime maji. Kwa joto la Oktoba hapa unamtesa, mkojo unakuwa mzito na kibofu kinapata shida zaidi. Tena anayeweka alama hahitaji maji mengi. Matone anayo siku zote.

Ule mkanda wa tumboni unasaidiaje?

Ni kitambaa kinachozunguka tumbo la dume na kufunika uume, ndani unaweka pedi. Unauokoa mguu wa meza, haufundishi kitu. Unafaa ukienda ugenini au wakati wa harusi nyumbani watu wamejaa. Fundi cherehani yeyote atakushonea kwa kitambaa laini cha pamba, upana wa kiganja, utepe wa kunata (velkro) kwa juu. Badilisha pedi ikilowa na uuvue mtokapo nje na usiku, la sivyo ngozi itababuka. Tarimbo alipovalishwa mara ya kwanza alikaa chini akagoma kutembea, kama mtoto aliyevalishwa sare ya shule.

Mbwa wangu analala nje, anakojolea matairi ya gari na nguzo ya geti tu.

Mwachie matairi.

Naishi nyumba ya wapangaji, jirani yangu ni Mwislamu na mbwa ameingia akakojolea mlangoni kwake. Kumekuwa na maneno.

Maneno hayo yana msingi, usiyachukulie kama chuki. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi nchini, majimaji ya mbwa ni najisi nzito. Mahali palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo safi. Kwa anayeswali mara tano kwa siku, na mswala wake uko hatua mbili kutoka mlangoni, huo ni mzigo mkubwa, tena kwa maji haya ya mgao. Nenda mwenyewe, kabla hajaja kwako. Muombe radhi, mpelekee ndoo za maji, muulize angependa paoshwe vipi, na umfuate yeye na shehe wake. Kisha mbwa asipite ukumbi ule bila kamba. Wapangaji nawajua waliokosana kwa mwaka mzima si kwa sababu ya mkojo, bali kwa sababu mwenye mbwa alicheka.

Mkojo wa mbwa una magonjwa?

Unaweza. Ugonjwa wa leptospirosi husambazwa na mkojo wa wanyama, mbwa na panya wakiwamo. Ndio ule uliozuka Lindi mwaka 2022 ukaitwa homa ya mgunda. Mbwa anaweza kuubeba akionekana mzima. Safisha ukiwa na glavu au mifuko ya nailoni mikononi, mwenye kidonda asisafishe, nawa kwa sabuni, watoto wasicheze palipolowa. Chanjo ya mbwa ipo, muulize daktari siku ya chanjo ya kichaa. Na panya wa stoo uwashughulikie, maana hao ndio wasambazaji wakubwa.

Mke wangu karibu atajifungua. Mbwa ataanza?

Anaweza, hasa kitanda cha mtoto na nepi. Mwezi mmoja kabla, funga chumba cha mtoto asiingie, mwanusishe vitu vya mtoto ukiwa umevishika mkononi, mpe dagaa. Ratiba yake ya kutoka mpe mtu mwingine mapema, asijekuta maisha yake yamegeuka siku mtoto anapofika. Kama mnaleta mbwa wa pili, wakutane barabarani, nje ya uzio wenu.

Nimefanya yote miezi mitatu, bado.

Rudi kwa daktari, umweleze kila ulichofanya. Wapo mbwa wenye wasiwasi uliozidi kiasi, na zipo dawa zao, hutolewa na daktari pamoja na mafunzo na si badala yake. Pia chukua tena ile tochi ya zambarau. Mara tatu kati ya nne ninapoitwa nyumbani kwa mtu "aliyefanya yote", tunakuta doa la zamani nyuma ya jokofu ambalo hakuna aliyewahi kulisogeza.

Kwa hiyo itachukua muda gani?

Kijana aliyehasiwa mapema na nyumba safi, wiki nne hadi nane. Mzee mwenye mazoea, miezi sita, na pengine hutafika sifuri. Tarimbo ametimiza miaka saba. Mwaka jana alikosea mara moja tu, na tarehe naikumbuka, kwa sababu ni siku kaka alipoleta alizeti nami nilikuwa kazini Mtumba. Mwaka huu gunia limepitishwa dirishani moja kwa moja hadi stoo, mlango ukafungwa, na Tarimbo amekaa nje ya mlango ule mchana kutwa, pua kwenye upenyo wa chini, akipuliza.